Gumegume: Thamani ya nakala imo mtamboni, si katika urembo

WAHENGA walinena kuwa uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hiyo ingefaa kubandikwa kwenye kila meza inapouzwa bunduki ya gumegume iliyoundwa upya kwa kuiga zile za karne ya 18.

Nakala hizo hutengenezwa na kuuzwa Marekani na Ulaya kwa wawindaji, walenga shabaha, makavazi na waigizaji wa vita vya kale. Mnunuzi asiye na jicho pevu huvutiwa na shaba inayometameta na mbao zilizong'arishwa, akalipa fedha nyingi kwa silaha isiyowaka, au mbaya zaidi, itakayompasukia usoni.

Kwa Waswahili, jina lenyewe si geni. Gumegume ni jiwe gumu litoalo cheche, na bunduki iliyolitegemea ikaitwa kwa jina hilo ili kuitofautisha na ile ya mrao, iliyowashwa kwa utambi, na ile ya fataki iliyokuja baadaye. Hata Mkataba wa Brussels wa 1890, uliozuia silaha za kisasa kuingizwa katika sehemu kubwa ya Afrika, ulizilegezea masharti bunduki za gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu.

Ili kuipima nakala, sharti kwanza kufahamu inavyofanya kazi. Kifyatulio kinapovutwa, nyundo iliyobana jiwe hushuka kwa kasi na kulikwaruza bamba la chuma kigumu. Chembe za chuma hukwanguka zikiwa na moto, zikaangukia kisahani chenye baruti laini. Moto huo hupenya katika tundu dogo lililo ubavuni mwa mtutu na kuiwasha baruti iliyoshindiliwa ndani.

Bunduki inayoigwa sana ni ile ndefu ya Pennsylvania, ambayo wengi huiita Kentucky. Ilibuniwa na wahunzi wa asili ya Kijerumani waliohamia Marekani. Mtutu wake wa pembe nane huweza kuzidi mita moja, na ndani una mifuo ya kuizungusha risasi ili iende moja kwa moja. Mbao zake aghalabu ni za mti uitwao mepo, zenye mistari kama mawimbi.

Hamu ya silaha hizo ilifufuka katika karne ya 20. Chama cha kitaifa cha walengaji wanaotumia bunduki za aina hiyo kilianzishwa Marekani mnamo 1933. Kampuni ya Dixie Gun Works ilifunguliwa Tennessee mwaka wa 1954, nayo Davide Pedersoli ikaanza Gardone Val Trompia, Italia, mwaka wa 1957. Maadhimisho ya miaka 100 ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, 1961 hadi 1965, na ya miaka 200 ya uhuru wa Marekani, 1976, yaliipa biashara hiyo msukumo mkubwa.

Je, mnunuzi aanzie wapi?

Kabla ya yote, ahakikishe kuwa bunduki haina baruti ndani. Mdeki, yaani ufito wa kushindilia, hutumbukizwa mtutuni, ukatiwa alama mdomoni, kisha ukapimwa kwa nje. Iwapo haufiki karibu na tundu la moto, kuna kitu ndani, na huenda ni baruti na risasi zilizosahauliwa kwa miaka mingi.

Pili, auchunguze mtambo, ambao ndio moyo wa gumegume. Bunduki ikiwa tupu kabisa, nyundo ifyatuliwe huku jiwe kali likiwa mahali pake. Cheche nyingi zinazoanguka kisahanini ni dalili njema. Cheche haba, au bamba lililochimbika makovu, huashiria chuma laini ambacho hakina budi kutiwa ugumu upya. Aidha, nyundo ikivutwa nusu sharti ishike imara. Ikiteleza kifyatulio kinapoguswa, mtambo huo ni hatari.

Tundu la moto nalo liwe mkabala na kisahani. Likiwa chini mno au likizibwa na kizibo cha nyuma ya mtutu, baruti ya kisahanini itawaka bure huku iliyo ndani ikisalia kimya.

Tatu ni mtutu. Baruti nyeusi ni mchanganyiko wa shura, takriban asilimia 75, makaa 15 na salfa 10. Masazo yake hunyonya unyevu na kuutafuna mtutu usiosafishwa. Kwa hivyo, taa ndogo imulikwe ndani kutafuta kutu na mashimo. Baruti ya kisasa isiyotoa moshi haifai kamwe, kwa kuwa shinikizo lake huweza kuupasua mtutu.

Nchini Italia, mitutu hujaribiwa kisheria kabla ya kuuzwa. Iliyopimwa kwa baruti nyeusi hupigwa muhuri wa herufi PN, pamoja na msimbo wa mwaka; kwa mfano, AA ni 1975. Marekani haina sheria ya namna hiyo, hivyo dhamana ya mnunuzi ni sifa ya mhunzi au kiwanda. Mtutu usio na jina wala muhuri wowote hauna wa kuutetea.

Nne ni mbao. Nyuzi zake zipite moja kwa moja kwenye shingo ya bunduki, la sivyo itavunjika hapo. Chuma kikae mbaoni bila mwanya. Nakala nyingi za bei nafuu hujitambulisha kwa mbao nene kupita kiasi, na baadhi huungwa vipande viwili huku kiungo kikifichwa kwa ukanda wa shaba.

Kuhusu bei, nakala za viwandani huuzwa kwa mamia ya dola hadi zaidi ya elfu moja, ilhali ya mhunzi stadi hufika maelfu kadhaa. Tofauti hiyo ni ya jasho. Filamu ya 1969 ya makavazi ya Colonial Williamsburg ilimwonyesha mhunzi Wallace Gusler akiunda bunduki nzima kwa mkono, akianza kwa kufua mtutu kutokana na chuma kitupu. Kinyume chake, nakala iliyounganishwa vibaya nyumbani huenda isirudishe hata gharama ya vipuri.

Hata hivyo, hasara kubwa zaidi humpata anayeuziwa nakala kwa bei ya bunduki halisi ya kale. Walaghai huifuta mihuri, wakaitia mbao madoa na kukiozesha chuma kwa kemikali. Mtutu ukiondolewa mbaoni, upande wa chini husema kweli: alama ya tupa palipokuwa na muhuri, au kutu ya rangi moja kila mahali, hutosha kumfanya mnunuzi afunge mkoba wake. Mhunzi mwaminifu, kwa upande wake, huitia kazi yake jina na mwaka.

Fauka ya hayo, sheria hutofautiana. Sheria ya Marekani ya 1968 kuhusu silaha haizihesabu nakala za namna hii kuwa bunduki za kawaida, lakini msamaha huo hauvuki mpaka. Anayenuia kuingiza gumegume katika nchi nyingine, iwe ni pambo la ukutani au la, yampasa kupata idhini ya polisi na ya forodha kabla ya kutoa hata senti moja.