Macho makavu baada ya upasuaji wa leza: Kwa nini hali hii hudumu na jinsi ya kuikabili

MTU anapotumia pesa nyingi kurekebisha macho kwa miale ya leza, tarajio lake huwa moja tu: kuachana na miwani. Wengi hulipata. Hata hivyo, wapo ambao miezi kadhaa baadaye husoma bila shida herufi ndogo kwenye ubao wa daktari, lakini kila alfajiri huamka kope zimegandama na macho yakiwakereketa kana kwamba yametiwa mchanga.

Kwa mkazi wa Bongwe, Ukunda au Msambweni, tatizo hili lina uzito wa ziada. Anayefanyiwa upasuaji huo Nairobi, umbali wa takriban kilomita 500, hurejea Pwani na matone yake, karatasi ya maagizo na tarehe za kuonwa tena. Tarehe hizo zikiisha, hubaki yeye na macho yake. Akilalamika, huambiwa kwamba upasuaji ulifaulu kwa kuwa anaona vizuri. Kauli hiyo ni kweli, lakini haijibu alichouliza.

Ili kuelewa kinachotokea, ni muhimu kujua jinsi upasuaji wenyewe unavyofanywa. Katika LASIK, ambayo ndiyo aina inayojulikana zaidi, daktari hukata tabaka jembamba la konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, na kulikunja kando mfano wa ukurasa wa kitabu. Kisha huichonga konea kwa leza na kulirudisha tabaka hilo mahali pake.

Konea ni miongoni mwa sehemu zenye neva nyingi zaidi mwilini. Neva hizo ndizo hupeleka habari kwenye ubongo kwamba jicho limeanza kukauka. Ubongo nao huziamuru tezi zitoe machozi na kope zipepese. Tabaka la konea linapokatwa, neva nyingi hukatika pamoja nalo. Jicho huwa kama nyumba iliyokatiwa simu: shida ipo, ila habari hazifiki.

Kwa wagonjwa wengi neva huota tena na hali hutengemaa katika kipindi cha miezi sita hadi mwaka mmoja. Kwa wachache hazioti kikamilifu, au huota vibaya na kuanza kutuma ishara za maumivu hata pale ambapo daktari akimulika jicho haoni kidonda chochote. Hawa ndio hudhaniwa kuwa wanazua. Maumivu yao ni ya neva, na tiba yake si lazima iwe matone pekee.

Aidha, machozi si maji matupu. Yana utelezi unaoyashika kwenye jicho, maji yenyewe, na mafuta kutoka tezi zilizo ukingoni mwa kope ambayo huzuia maji yasikauke upesi. Mafuta yakipungua, jicho linaweza kububujikwa na machozi na bado likawa kavu, kwa sababu machozi hayo hayatulii juu yake.

Mnamo 2017, matokeo ya utafiti ulioongozwa na Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA) yalionyesha kwamba hadi asilimia 28 ya watu ambao hawakuwa na dalili za ukavu kabla ya LASIK waliripoti kuwa nazo miezi mitatu baada ya upasuaji. Mnamo Julai 2022, mamlaka hiyo ilitoa rasimu ya mwongozo ikipendekeza wagonjwa waelezwe waziwazi kuhusu ukavu na uwezekano wa maumivu ya kudumu kabla ya kutia sahihi. Kuna mbinu nyingine, mathalan PRK isiyokata tabaka, na SMILE ambayo hupasua tundu dogo tu. Zote hugusa neva, ingawa kwa viwango tofauti.

Mandhari ya Pwani Kusini yana faida na hasara. Hewa ya bahari ina unyevu mwingi kuliko ya Nairobi, na unyevu huo hulifaa jicho kavu. Lakini unyevu huo hauwafaidi sana wafanyakazi wa hoteli za Diani wanaoshinda kwenye vyumba vyenye viyoyozi, wala mwendeshaji bodaboda anayepigwa na upepo kutwa. Msimu wa kaskazi, hasa Januari na Februari ambapo mvua huadimika, huongeza vumbi. Moshi wa kuni na makaa jikoni, na feni inayoelekezwa usoni usiku kucha, humaliza kazi.

Hatua za kwanza basi ni za nyumbani. Feni igeuzwe isipulize uso. Anayeendesha pikipiki avae miwani inayoziba pembeni. Ni kejeli kwa aliyelipa ili aiepuke miwani, lakini hiyo ni ya kukinga upepo. Anayetumia kompyuta au simu kwa muda mrefu akumbuke kupepesa macho kwa kuyafumba kabisa, kwani mtu anapokodolea kioo hupepesa mara chache mno kuliko kawaida. Kitambaa safi chenye uvuguvugu kikiwekwa juu ya kope zilizofumbwa kwa dakika tano hadi kumi huyeyusha mafuta yaliyoganda kwenye tezi. Macho yasisuguliwe, kwa kuwa lile tabaka lililokatwa linaweza kuteguka hata baada ya miaka mingi. Wanja unaopakwa ukingoni mwa kope huziba tezi hizo, na ni heri uachwe kwa muda.

Suala la matone ndilo linalowapotosha wengi. Machozi bandia yanayouzwa katika chupa za kawaida mara nyingi hutiwa kihifadhi, hasa benzalkoniamu kloridi, ambacho kikitumiwa mara kwa mara huudhuru uso wa jicho. Anayehitaji matone zaidi ya mara nne kwa siku anashauriwa kutafuta yasiyo na kihifadhi, ambayo aghalabu huja katika vichupa vidogo vya kutumiwa mara moja. Bei yake ni ya juu, na kwa mgonjwa wa muda mrefu gharama hiyo si jambo dogo.

Matone ya kuondoa wekundu hayatibu ukavu. Hubana mishipa ya damu kwa muda, kisha wekundu hurudi. Hatari zaidi ni matone yenye steroidi kama deksamethasoni yanayonunuliwa bila agizo la daktari. Hutuliza haraka, na ndiyo maana watu huyapenda, lakini yakitumiwa kwa muda mrefu huweza kupandisha shinikizo ndani ya jicho na kuleta glakoma, maradhi yanayoiba uwezo wa kuona bila maumivu. Maji ya kisima na maziwa ya mama nayo yasitiwe machoni, kwa kuwa huweza kuingiza viini.

Kwa waumini wa Kiislamu, ambao ndio wengi Kwale, swali huibuka kila Ramadhani: je, matone hubatilisha saumu? Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa sana Pwani, jicho halihesabiwi kuwa njia ya kuingia tumboni, na kwa msingi huo matone hayafunguzi. Madhehebu mengine yana rai tofauti iwapo ladha itafika kooni. Mwenye shaka amuulize sheikh wake badala ya kukatiza dawa kwa mwezi mzima.

Nafuu isipopatikana, daktari anaweza kuagiza matone ya siklosporini, ambayo huhitaji miezi kadhaa kabla ya kuonyesha faida, au kuweka vizibo vidogo kwenye vitundu vinavyopitisha machozi kuelekea puani. Kuhusu vidonge vya mafuta ya samaki, utafiti wa DREAM uliochapishwa 2018 na kuhusisha wagonjwa 535 wa macho makavu haukupata tofauti kati yake na mafuta ya zeituni. Samaki aliwe kwa utamu wake.

Uchunguzi wa awali hauhitaji safari ya Nairobi. Kipimo kimoja ni ukanda wa karatasi unaowekwa kwenye kope la chini kwa dakika tano. Ukilowa chini ya milimita tano, ukavu ni mkubwa. Kipimo hicho hicho kinamfaa anayepanga kufanyiwa upasuaji, kwa kuwa aliye na macho makavu tangu awali yumo katika hatari zaidi ya kuumia baadaye.

Anayekwenda kupimwa, iwe ni katika Kituo cha Macho cha Kwale au kwingineko, asitie machozi bandia kwa saa mbili kabla. Abebe matone yote anayotumia, yakiwemo ya dukani, pamoja na rekodi za upasuaji wake. Rekodi hizo zihifadhiwe hata macho yakipona. Miaka ishirini au thelathini baadaye, mtoto wa jicho akiingia, daktari atazihitaji ili kukadiria lenzi ya kupandikizwa, kwa sababu vipimo vya konea iliyochongwa kwa leza haviaminiki vikichukuliwa peke yake.