Kalkulasi kwa Anayetarajia Kusomea Udaktari

Mwanafunzi wa Horohoro anayetarajia kuwa daktari kwa kawaida huchagua mchepuo wa PCB, ambamo hisabati kwa muda mrefu imekuwa somo la ziada. Wengi hulazimika kujifundisha kalkulasi wenyewe, na huuliza kama ina faida yoyote wodini. Ina faida, na dawa moja tu, gentamisini, yatosha kuionyesha.

Dawa hii hutolewa mwilini na figo. Ikiwa nyingi katika damu hutoka kwa kasi. Ikipungua, kasi nayo hupungua. Kwa mtu mzima mwenye figo zenye afya, kiasi chake hubaki nusu kila baada ya saa 2 hadi 3 hivi. Tuchukue saa 2, na damu yenye miligramu 8 kwa lita hapo mwanzo. Baada ya saa 2 zitabaki 4, kisha 2, na saa ya 6 itabaki 1. Mwanafunzi atie nukta hizo nne katika karatasi ya grafu na kuziunganisha kwa mkunjo laini.

Je, dawa inatoka kwa kasi gani? Katika saa 2 za kwanza, wastani ni miligramu 2 kwa lita kila saa. Lakini wastani huficha jambo: hapo mwanzo kabisa kasi ni takriban 2.77. Huipata kwa kuweka rula iguse mkunjo mahali pamoja tu, kisha kupima mteremko wa rula hiyo. Kupima mteremko wa namna hii ndiyo nusu ya kwanza ya kalkulasi. Saa ya 2 mteremko ni 1.39 hivi. Agawanye 2.77 kwa 8, na 1.39 kwa 4: majibu yote mawili ni karibu 0.35. Namba hiyo isiyobadilika ndiyo kipimo cha uwezo wa mwili kuitoa dawa.

Nusu ya pili ni eneo lililo chini ya mkunjo, yaani jumla ya dawa ambayo mwili umekabiliana nayo. Akate eneo hilo kwa mistari ya wima kila saa 2, apate trapezi tatu: 12, 6 na 3, jumla 21. Jibu la kalkulasi ni 20.2 hivi, kwa kuwa mkunjo umebonyea chini ya mistari iliyonyooka. Vipande vikizidi kuwa vyembamba, tofauti huyeyuka.

Simshauri mtu aanze na kitabu kinene cha chuo kikuu kilichojaa thibitisho. Aimarishe kwanza grafu, vipeo na logi. Wakazi wa Horohoro wana bahati moja: ng'ambo ya mpaka, Lunga Lunga, vitabu vya hisabati vya kidato cha nne cha mfumo wa 8-4-4 vina trapezi, mteremko na eneo, kwa lugha nyepesi.

Kisha arudie mchoro wake kwa mgonjwa ambaye figo zake zimepungukiwa nguvu kwa nusu. Sasa 8 huwa 4 baada ya saa 4, na hufika 1 saa ya 12. Akikata kila saa 4, trapezi zitakuwa 24, 12 na 6: jumla 42, kwa sindano ile ile. Gentamisini ikizidi huumiza figo zenyewe na masikio, na usikivu uliopotea mara nyingi haurudi. Ndiyo maana kwa mgonjwa kama huyo daktari hurefusha muda kati ya dozi au hupunguza dozi yenyewe.