Kurudia Morrowind kwenye ordinatere ya Kindu: modi gani ziwekwe, gani ziachwe

Mchezo wa The Elder Scrolls III: Morrowind ulitoka Marekani mwezi wa tano 2002, ukiwa kazi ya kampuni ya Bethesda. Wakati ule uliomba mashini ya kawaida tu: prosesa ya megahezi 500, memori ya mega 256 na nafasi ya giga moja kwenye diski. Ndugu yake Skyrim, aliyetoka 2011, anaomba memori ya giga 2 na nafasi ya giga 6. Ordinatere nyingi zinazofika Kindu zimeshatumikia wenyewe wengine mbali kabla ya kufika hapa. Skyrim inazichosha, zinapiga joto, picha inakatika. Morrowind zinaibeba vizuri. Ndiyo maana mchezo wenye zaidi ya miaka 20 bado unapita kwa flashi toka mtu hadi mtu, toka Kasuku mpaka Mikelenge, na hata kuvuka mto kwa pirogi mpaka Alunguli.

Anayeufungua mara ya kwanza hana swali kubwa. Anashuka kwenye mashua kule Seyda Neen akiwa mfungwa aliyeachiliwa, anaandikisha jina, anatumwa Balmora, basi, kisiwa chote cha Vvardenfell kiko mbele yake. Swali linakuja kwa yule aliyeumaliza na anataka kuurudia. Hapo rafiki anamletea flashi iliyojaa modi.

Modi ni faili ambazo wachezaji wenyewe wametengeneza ili kubadilisha mchezo au kuuongezea kitu: silaha mpya, nyumba, sura nzuri za watu, hata nchi nzima. Kwa Morrowind jambo hili si wizi wala ujanja wa mlango wa nyuma. Bethesda yenyewe iliweka kwenye CD ya mchezo chombo cha kuzitengenezea, kinaitwa Construction Set. Tangu hapo zimetengenezwa maelfu. Na hapo ndipo tabu inaanzia, kwa sababu mtu akiona maelfu anataka kuweka zote.

Kitu cha kwanza cha kuangalia ni lugha. Watu wengi wanaanza na picha, nguvu, silaha, na lugha wanaikumbuka wakati mchezo umekwisha kuharibika.

Morrowind ni mchezo wa kusoma. Hakuna mshale juu ya kichwa cha mtu unaokuonyesha pa kwenda, kama kwenye michezo ya siku hizi. Njia unaelezwa kwa maneno, vile mtu anavyomwelekeza mgeni: toka mjini, vuka daraja, fuata barabara, panda kilima. Mojawapo ya kazi za mwanzo inakutuma kwenye magofu ya Arkngthand kutafuta kisanduku kidogo cha Wadwemer. Wengi wanafika pale na kukuta mlango umefungwa, maana haufunguki kwa mkono, kuna mpini wa kuzungusha kando. Wengine wanaingia ndani, wanaua kila mtu, wanatoka bila kisanduku, kumbe kilikuwa kimekaa tu juu ya rafu. Aliyesoma vizuri anarudi Balmora mapema. Asiyeelewa lugha anazunguka usiku mzima na umeme unaweza kukatika kabla hajafika.

Kwetu hapa mtoto anasoma shule kwa Kifaransa, nyumbani anaongea Kiswahili, Kiingereza anakipata kidogo kidogo. Morrowind iko na toleo la Kifaransa, na kwa mchezaji wa Kindu hilo ndilo jema zaidi. Lakini modi nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza, na hapa shida si ya mchezaji peke yake, ni ya mchezo pia. Morrowind inatambua vyumba na mada za mazungumzo kwa majina yake. Modi ya Kiingereza inatafuta chumba chenye jina la Kiingereza. Kwenye toleo la Kifaransa chumba hicho mara nyingi kinaitwa vingine. Matokeo: mlango unakupeleka kwenye chumba tupu, au mtu anakataa kabisa kusema neno lililotakiwa ili kazi iendelee. Mchezo haukuambii kosa liko wapi. Unaendelea tu kama kawaida, na siku tatu baadaye unagundua umekwama.

Kwa hiyo mwenye toleo la Kifaransa achague modi zilizotafsiriwa. Kuna kundi la Wafaransa, La Confrérie des Traducteurs, ambalo limefanya kazi hiyo miaka mingi kwa michezo ya Elder Scrolls, bila malipo. Modi ambayo haina tafsiri na inagusa mazungumzo au vyumba, ni heri kuiacha, hata kama picha zake zinavutia namna gani. Zile zinazobadilisha rangi za ukuta, nguo au sura peke yake hazina maneno, nazo kwa kawaida zinapita bila shida katika lugha yoyote.

Kabla ya kuongeza chochote, fungua folda iitwayo Data Files. Ndani yake lazima kuwe na Morrowind.esm, Tribunal.esm na Bloodmoon.esm. Tribunal na Bloodmoon ni nyongeza mbili za Bethesda yenyewe, za 2002 na 2003, na modi nyingi nzuri zinazidai. Kopi zinazozunguka kwa flashi mara nyingine zimepunguzwa ili ziwe nyepesi: sauti zimetolewa, au nyongeza moja haipo. Mtu anailaumu modi, kumbe msingi wa nyumba ndio haukukamilika. Tribunal ina faida nyingine inayosahauliwa: ilitengeneza daftari la kazi ili uweze kuzisoma moja moja. Kabla yake kila kitu kilikuwa kimeandikwa kwa mfululizo, ukurasa baada ya ukurasa, kama daftari la deni la dukani.

Baada ya hapo njia inagawanyika, na mtu hawezi kufuata njia zote mbili. Ya kwanza ni kubaki na injini ya asili ya 2002. Injini hiyo ina kiraka maarufu, Morrowind Code Patch, kinachotengeneza makosa ndani ya programu yenyewe, na MGE XE inayokuwezesha kuona mbali. Njia ya pili ni OpenMW, injini mpya iliyoandikwa upya na watu wa kujitolea, inayotolewa bure. OpenMW haina mchezo ndani yake, bado unahitaji faili zako za Morrowind, lakini inaziendesha kwenye Windows za sasa, kwenye Linux, na kuna watu walioihamishia hata kwenye simu za Android. Viraka vya injini ya asili havifanyi kazi kwenye OpenMW, wala akiba za mchezo wa zamani hazifunguki humo moja kwa moja. Lazima uamue kabla ya kuanza.

Kwa mashini nzee kabisa, injini ya asili bado ndiyo nyepesi. Kwa ordinatere ya miaka kumi hivi, OpenMW ni bora, na sababu yake ni ya kinyumbani kabisa: inakubali kila modi ikae kwenye folda yake. Kwenye injini ya asili unamwaga zote ndani ya Data Files, zinachanganyika kama mchele na mawe, na siku ya kutoa moja hujui faili gani ni yake. Simu nayo ni jaribu kubwa, maana wenye simu ni wengi kuliko wenye ordinatere, lakini maandishi ya mchezo huu kwenye kioo kidogo yanachosha macho, na tumeshasema mchezo wenyewe ni maandishi.

Sasa modi zenyewe. Ya kwanza kwa anayerudia inaitwa Patch for Purists. Kazi yake ni kusahihisha makosa ya mchezo bila kubadilisha ulivyokusudiwa: mtu aliyewekwa mahali pasipo pake, kazi isiyoweza kuisha, kitu kinachoelea hewani. Huioni kwa macho. Lakini angalia lugha yake kwanza, kama tulivyoeleza, kwa sababu inagusa mazungumzo mengi.

Watu wanapenda pia modi inayofanya kila pigo lipate. Kwenye Morrowind unaweza kumpiga panya mara kumi na upanga ukapita hewani, na mchezaji mpya anakasirika, anasema mchezo umeharibika. Haukuharibika. Mchezo unapiga hesabu: ujuzi wako wa silaha hiyo, pamoja na uchovu wako. Ukikimbia njia yote hadi mbele ya adui, ule mstari wa kijani umekwisha, na nafasi yako ya kupata inashuka. Aliyechagua mkuki akiwa amejifunza shoka atakosa tu. Anayerudia mchezo anajua haya yote, kwa hiyo modi hiyo inamwondolea kitu alichokilipia kwa jasho mara ya kwanza. Aiache. Ile inayopunguza cliff racer, wale ndege wabaya wanaokufuata kila unapopanda mlima, hiyo hata mzee mwenye msimamo anaweza kuikubali.

Kuhusu kuona mbali kuna ubishi. Mchezo wa asili umefunika kila kitu kwa ukungu kwa sababu mashini za 2002 hazikuweza kuchora mbali. MGE XE au OpenMW zinaondoa ukungu huo na kisiwa kinakuwa kizuri ajabu. Lakini kinakuwa kidogo pia. Miji uliyodhani iko mbali sana unaiona ng'ambo ya kilima. Ongeza umbali kidogo, usifike mwisho. Mashini nayo itakushukuru.

Kubwa kuliko zote ni Tamriel Rebuilt, inayojenga nchi ya bara la Morrowind ambayo Bethesda haikuijenga. Watu wa kujitolea wameifanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka 20, wanaitoa kipande kwa kipande, na kwa ubora wapo wanaoiweka juu ya mchezo wenyewe. Inadai nyongeza zote mbili na faili nyingine iitwayo Tamriel Data. Ni ya Kiingereza, na ni mzigo mzito: kwa mega za simu inakula fedha ya siku nyingi. Anayejua Kiingereza na amepata mtu mwenye kopi, achukue bila kuwaza mara mbili. Mwingine asijione maskini, kwa sababu hata kisiwa cha asili hakijaisha kwa safari moja. Kuna nyumba kuu tatu za kujiunga nazo, Hlaalu, Redoran na Telvanni, na ukiingia moja nyingine zinakufungia mlango. Mara ya pili chagua Telvanni: wachawi wake wanaishi kwenye minara ya uyoga isiyo na ngazi, na asiyejua kuruka angani kwa uchawi anabaki chini akitazama. Hiyo haina uzito hata wa mega moja, imo tayari.

Linabaki jambo la akiba ya mchezo, yaani faili inayokumbuka ulipofika. Faili hiyo inakumbuka pia modi ulizokuwa nazo. Ukiongeza modi ndogo katikati ya safari, mara nyingi inapita. Ukiondoa, hapana. Chukua mfano wa nyumba yenye ordinatere moja. Kaka mkubwa amecheza wiki sita. Mdogo wake anaingia mchana, anaona diski imejaa na hakuna nafasi ya filamu, anafuta folda mbili za modi asizozijua. Jioni kaka anafungua: nyumba aliyoweka mali yake haipo, ujumbe wa makosa unatoka mmoja baada ya mwingine, halafu mchezo unazima. Ukirudisha faili zile zile, akiba inaweza kupona, kama hujaandika nyingine juu yake. Kwa hiyo modi zote ziamuliwe kabla ya kubonyeza kitufe cha kuanza, na folda nzima pamoja na ile ya Saves ikopiwe kwenye flashi inayokaa mfukoni mwa mwenyewe.

Mpangilio nao una siri yake. Injini ya asili inasoma modi kwa kufuata tarehe ya faili, na modi mbili zikigusa kitu kimoja, inayosomwa mwisho ndiyo inayoshinda. Faili iliyopokelewa kwa simu inaweza kubeba tarehe ya siku ulipoipokea badala ya ile ya mtengenezaji, na mpangilio unageuka bila wewe kugusa kitu. Kama mchezo uliokuwa mzima kwa rafiki unaleta vituko kwako, anza kuangalia hapo. OpenMW inakuachia upange mwenyewe kwa kuvuta jina juu au chini kwenye orodha.

Na Kiswahili? Construction Set inaruhusu kubadilisha kila neno la mazungumzo, na Kiswahili kinaandikwa kwa herufi zile zile za Kiingereza, bila alama za juu wala za chini. Warusi walilazimika kupata herufi zao kwanza. Sisi tungeanza moja kwa moja. Kigumu ni yale maneno ya buluu ndani ya mazungumzo, yanayofungua mada mpya. Ukitafsiri sentensi na kulipoteza neno lile, mada haifunguki na kazi inakufa. Kijana mwenye subira angeanza na watu wachache wa Seyda Neen, ayaache maneno ya buluu yalivyo, kisha ampe mtu mwingine acheze na aone kama anafika Balmora.