Shehena Iendayo Angani

Je, wajua kuwa setilaiti ya kwanza ya Uganda haikupanda angani kwa roketi yake yenyewe, bali ilitiwa katika mfuko mweupe wa kitambaa, ikazungushiwa sponji, ikapangwa pamoja na chakula, nguo na vipuri, na kupelekwa kama mzigo mwingine wowote katika chombo cha kampuni ya kibiashara kilichokuwa kikiwapelekea wanaanga mahitaji yao? Siku yenyewe ilikuwa Jumatatu, tarehe 7 Novemba 2022, na kwa majira yetu ya Afrika Mashariki ilikuwa saa 7:32 mchana, ilhali kule Wallops, kisiwa cha pwani ya Virginia nchini Marekani, kulikuwa bado hakujapambazuka. Chombo kilichobeba mfuko ule huitwa Cygnus, nacho ndicho nitakachokieleza hapa. Wala sitashughulika sana na moto na ngurumo za roketi, ambazo kila mtu hupenda kuzitazama, bali nitaishughulikia ile kazi ya kimya ya miezi mingi inayoutangulia moto, kazi ambayo wachache hujali kuiuliza na ambayo, kwa rai yangu, ndiyo yenye elimu kubwa zaidi.

Sisi tukaao Mlali, chini ya safu ya milima ya Uluguru, tuna sababu ya kuifahamu kazi hiyo upesi. Malori ya mboga yashukayo kutoka Mgeta hupita huku kwetu kuelekea barabara kuu pale Sangasanga, na nyanya za bondeni hujazwa matengani zipelekwe Dar es Salaam; na yeyote aliyepata kusimama karibu na mpakizi hodari atakuwa amemwona anavyotandika majani ndani ya tenga, anavyotanguliza chini nyanya zenye ngozi ngumu na kuziweka juu zilizokwisha kuiva, anavyokataa tenga moja zaidi upande wa kushoto mpaka upande wa kulia upate la kulingana nalo, na anavyobakiza nafasi ya mwisho, karibu na mlango, kwa ajili ya mzigo wa mtu aliyeagiza kuwa wake ushuke kwanza. Mpakizi wa Cygnus hufanya hayo hayo, isipokuwa kwamba lori lake halina mahali pa kuegesha njiani, na likishaondoka halirudi.

Uchukuzi wa namna hii si jambo kongwe. Wasovieti walitangulia, walipotuma mwezi Januari 1978 chombo cha kwanza cha Progress, kisicho na mtu ndani, kuwapelekea watu wao mahitaji katika kituo cha Salyut 6. Wamarekani nao kwa miaka mingi walitegemea vyombo vyao vya Shuttle, ambavyo vilistaafishwa mwezi Julai 2011. Kabla ya kustaafu huko, mwezi Desemba 2008, shirika la NASA lilikwisha kufunga mikataba na makampuni mawili yachukue shehena kwa malipo, kama vile mfanyabiashara akodivyo chombo cha mwenzake: moja ni SpaceX, yenye chombo kiitwacho Dragon, na la pili ni Orbital Sciences, ambalo baada ya kuungana na kununuliwa limekuwa sehemu ya Northrop Grumman. Dragon kilifika katika Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu kwa mara ya kwanza mwezi Mei 2012, na Cygnus mwezi Septemba 2013. Tofauti yao kubwa ni moja: Dragon hurudi duniani kikaangukia baharini na kuopolewa, lakini Cygnus hujazwa takataka za kituo, kikaachiwa kianguke, kikateketea hewani pamoja na takataka hizo. Si kifo cha fahari, lakini ni huduma ambayo kila mwenye nyumba aifahamu thamani yake.

Chumba cha shehena cha Cygnus huundwa mjini Turin, Italia, nacho ni pipa la chuma chepesi lenye upana wa mita 3 hivi. Sehemu ya nyuma, yenye injini na mabawa ya kukusanya nguvu za jua, huundwa Marekani, na viungo hivyo viwili hukutana karibu na uwanja wa kurushia. Mtu asidhani kuwa hatari zote za chombo hiki ziko angani. Mwaka 2025 Cygnus kimoja kiliharibika kikiwa bado duniani, ndani ya kasha lake la kusafirishia, kabla hata hakijaonana na roketi, na safari yake ikaahirishwa.

Baada ya kuwasili ndipo upakizi huanza. Kila kitu, kuanzia mashati hadi pampu za maji, hutiwa katika mifuko ya kitambaa kisichoshika moto upesi, na kila mfuko hupewa alama ya mistari ya kusomwa na mashine, ukapimwa kwenye mizani, na uzito wake ukaandikwa katika daftari pamoja na mahali utakapokaa. Hesabu hii haifanywi kwa ajili ya bili peke yake. Roketi huongozwa na tarakilishi ambazo hudhani kuwa zinajua kitovu cha uzito wa kile kilichoko juu yake. Kitovu hicho kikiwa kando ya mahali kilipoandikwa, chombo kitalemea upande mmoja, na kila injini ndogo ya kukielekeza itatumia mafuta mengi kuliko yaliyokadiriwa. Katika safari ile ya Novemba 2022, iliyokuwa ya 18 katika orodha ya safari za Cygnus kwa NASA, shehena ilikuwa takriban kilo 3,700, na ndani yake kijisetilaiti cha Uganda kilikuwa hakifiki hata kilo moja na nusu.

Kijisetilaiti hicho, PearlAfricaSat-1, kilikuwa mchemraba wenye sentimita 10 kila upande. Kiliundwa na wahandisi watatu wa Kiganda, Bonny Omara, Edgar Mujuni na Derrick Tebusweke, katika Taasisi ya Teknolojia ya Kyushu nchini Japani, chini ya mradi uitwao BIRDS-5, ambao uliwakusanya pia Wazimbabwe na setilaiti yao ya ZIMSAT-1. Kuunda kitu kile kulikuwa nusu ya kazi tu. Nusu ya pili, nayo ndiyo iliyochosha, ilikuwa kuwathibitishia wenye kituo kwamba mgeni huyu hatawadhuru wenyeji. Maana ndani ya kituo kile mna watu, na watu hao hawana mlango wa kutokea nje kukimbilia hewa. Kwa hiyo kijisetilaiti hutikiswa juu ya mashine kwa nguvu kama ya roketi, kionekane kama parafujo zake zitalegea. Huwekwa katika tangi lisilo na hewa, kikachomwa na kugandishwa kwa zamu. Betri zake huchunguzwa moja moja, kwa sababu betri ishikayo moto ndani ya chumba kilichofungwa ni balaa isiyo na mfano. Na swichi zake hupangwa zaidi ya moja katika kila njia ya umeme, ili hata moja ikikosea, kifaa kisiamke kikiwa mikononi mwa mwanaanga. Tena kuna sharti kwamba baada ya kuachiliwa nje kikae kimya dakika 30 nzima, pasipo kukunjua antena wala kutoa sauti ya redio, mpaka kiwe mbali na kituo. Nakiri kuwa sharti hili lanipendeza kuliko yote: ni adabu ya mgeni iliyoandikwa katika waya.

Kuna mizigo isiyoweza kusubiri. Seli hai, dawa za majaribio na vitu vya baridi huharibika vikikaa wiki nzima ndani ya pipa lililofungwa. Basi wahandisi wakakibadilisha kichwa cha roketi ya Antares, ambayo ndiyo iliyokichukua Cygnus, kiwe na kifuniko kinachotoka, na kuanzia mwaka 2019 wapakizi waliweza kuingia tena siku moja tu kabla ya kuruka, roketi ikiwa imelazwa, wakaweka vitu hivyo mahali pa mwisho palipobakizwa. Miongoni mwa majaribio ya safari ile lilikuwamo moja lililohusu matope yaporomokayo milimani baada ya moto wa msituni, ambapo mchanga, maji na hewa huchanganywa mahali pasipo uzito ili muundo wa mchanganyiko uonekane bila ya kuvurugwa na mvutano wa dunia. Msomaji wa Uluguru hahitaji kuelezwa kwa nini jambo hilo linastahili nauli: udongo wetu hushuka na mvua kila masika, na ugomvi juu ya namna ya kuuzuia ni wa zamani, hata mwaka 1955 watu walifikia kufanya ghasia kule Matombo kwa kuchoshwa na amri ya serikali ya kikoloni ya kuchimba matuta ya ngazi. Matuta yale yaliamriwa pasipo kuwasikiliza wakulima. Yafaa angalau sasa tope lenyewe linasikilizwa.

Basi tuje kwenye miadi. Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu huzunguka dunia kwa kimo cha kilomita zipatazo 400, yaani pungufu ya barabara ya Dar es Salaam hadi Dodoma, lakini huenda kwa mwendo wa kilomita 28,000 hivi kwa saa, kikamaliza mzunguko kwa dakika 90 au zaidi kidogo. Njia yake ni kama imechorwa angani na dunia yageuka chini yake; kwa hivyo roketi haiwezi kuondoka saa yoyote ipendayo mwenyewe, bali hungoja dakika chache ambazo uwanja wa kurushia unapita chini ya njia ile. Dakika hizo zikikosekana hungojwa kesho yake, nazo huwa zimesogea mapema kwa dakika ishirini na kitu. Ndivyo ilivyokuwa: safari ilikusudiwa Jumapili, tarehe 6, lakini king'ora cha moto kikalia katika jengo la waongozaji huko Dulles, watu wakatoka nje, na miadi ikapita. Jumatatu hapakuwa na king'ora. Mafuta ya taa yaliyosafishwa sana na oksijeni iliyopozwa hadi kuwa kimiminika, yenye baridi ya nyuzi 183 chini ya sufuri, vilikutana ndani ya injini, na baada ya dakika kama tisa hivi chombo kilikuwa angani. Wazee wa uwanja ule hawakosi kuikumbuka jioni ya tarehe 28 Oktoba 2014, ambapo roketi nyingine yenye jina la Antares, ikiwa imebeba Cygnus kingine pamoja na majaribio ya wanafunzi wa shule, ililipuka sekunde chache baada ya kuinuka; hakuna aliyeumia, lakini shehena yote iliteketea.

Safari ya Waganda nayo haikukosa msukosuko. Cygnus kina mabawa mawili ya kukusanya nguvu za jua, na siku ile moja likafunguka, la pili likakataa. Uchunguzi ulionyesha sababu, nayo ni ya kustaajabisha: kipande cha blanketi la kupunguza mshindo, lile liliwekwalo katika roketi ili kishindo cha injini kisiidhuru shehena, kiling'oka kikajipenyeza katika mtambo wa kulikunjua bawa. Mlinzi akamzibia njia bwana wake. Hata hivyo bawa moja lilitosha, na tarehe 9 Novemba mwanaanga Nicole Mann alikidaka chombo kwa ule mkono mrefu wa mtambo uliotengenezwa na Wakanada. Mifuko ikahamishwa, ikafunguliwa kwa orodha, na tarehe 2 Desemba kijisetilaiti kikasukumwa nje kwa springi kutoka katika maabara ya Wajapani, huku kituo cha mawasiliano cha Mpoma, wilayani Mukono, kikikingoja.

Wakenya walikwisha kupita njia hiyo hiyo. Setilaiti yao ndogo, 1KUNS-PF, ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ilipakiwa katika Dragon kilichoruka kutoka Florida tarehe 2 Aprili 2018, saa 5:30 usiku kwa majira yetu, na ikaachiliwa tarehe 11 Mei. Ilipata nafasi hiyo kwa mpango wa Umoja wa Mataifa na Wajapani uitwao KiboCUBE, na washirika wake walikuwa Chuo Kikuu cha Sapienza cha Roma. Ushirika huo haukuzuka tu, kwa kuwa Wataliano walikuwa na majukwaa ya kurushia roketi baharini karibu na Malindi, ambako tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti ya elimu ya nyota iliyopewa jina la Uhuru ilirushwa. Mauritius ikafuata mwaka 2021 kwa mpango huo huo wa KiboCUBE.

Cygnus kilichowachukulia Waganda na Wazimbabwe amana yao kiliachana na kituo mwezi Aprili 2023, kikateketea. Roketi ya Antares ya namna ile haipo tena, kwani pipa lake la chini liliundwa Ukraina na injini zake Urusi, na vita vya nchi hizo mbili vikakata uzi huo. Kwa hiyo tangu Januari 2024 Cygnus hupanda roketi ya Falcon 9 ya washindani wake SpaceX. Mlango wa shehena, hata hivyo, u wazi bado. Walimu wa fizikia wa Morogoro, na vijana walioko vyuo vikuu vya Sokoine na Mzumbe, wasiutazame kama jambo la Wazungu na Wajapani: waombe nafasi, na wakati wakiiomba waanze kutayarisha hati za betri na za uzito, maana hizo ndizo watakazoulizwa mwanzo.