Nguva wa Pwani ya Lamu

Nguva si samaki. Ni mnyama anyonyeshaye mtoto wake, naye hula majani yaotayo chini ya bahari kama ng'ombe malishoni. Kwa kuwa hupumua hewa, akinaswa katika jarife asiweze kuibuka, hufa maji upesi.

Kila mfugaji ataelewa hasara hiyo. Nguva huchukua mimba yapata miezi 13, huzaa mtoto mmoja, kisha hukaa miaka 3 au zaidi kabla ya kuzaa tena. Hifadhi ya bahari ya Kiunga ilianzishwa mwaka 1979, na wataalamu wamewahesabu nguva kwa ndege. Walioonekana ni wachache mno. Basi mvuvi akaguaye jarife lake mara kwa mara, akamfungua nguva angali hai, ameokoa uzao wa miaka mingi.