Diski Imenakiliwa, Mbona Kompyuta Haiamki?

Shule nyingi hutunza alama za wanafunzi na hesabu za ada katika kompyuta moja iliyokwisha kuzeeka. Diski yake ianzapo kuchoka, fundi hunakili yote yaliyomo kwenye diski mpya. Lakini mara nyingine kompyuta ikiwashwa, kioo hubaki cheusi na ujumbe hueleza kwamba mfumo haukuonekana. Je, data zimepotea? Kwa kawaida zimo salama. Kilichokosekana ni njia ya kuzifikia.

Tutazame jinsi kompyuta inavyoamka. Umeme unapoingia, programu ndogo iliyomo katika chipu ya ubao mkuu ndiyo ianzayo kazi. Programu hiyo hutafuta mahali maalumu kwenye diski. Katika mpango wa zamani, ulioanza kutumika mwaka 1983, mahali hapo ni sekta ya kwanza kabisa, yenye baiti 512: baiti 446 ni za maagizo ya kuanzia, 64 ni jedwali la sehemu za diski, na 2 za mwisho ni alama ya uthibitisho. Katika mpango mpya, uitwao UEFI, maagizo hayo ni faili lililowekwa katika sehemu ndogo ya pekee.

Basi, aliyenakili sehemu yenye mafaili peke yake amehamisha nyumba akaacha mlango. Pili, huenda chipu ingali imeagizwa kuanza na diski nyingine, au kufuata mpango usiolingana na wa diski. Tatu, nakala kamili huchukua hata namba ya utambulisho ya diski ya awali. Diski mbili zenye namba moja zikiunganishwa pamoja, mfumo wa Windows huifungia mojawapo.

Kwa hiyo fundi mwangalifu huzima kompyuta, huondoa diski ya zamani, kisha huwasha kwa diski mpya pekee. Ikikataa, hukagua mpangilio wa kuanzia katika chipu. Ikizidi kukataa, hutumia flashi yenye mfumo ili kutengeneza upya maagizo ya kuanzia. Hapo achague kukarabati, wala asisakinishe upya, maana usakinishaji waweza kufuta alama za miaka mingi.

Diski ya zamani isifutwe mpaka mpya imeamka yenyewe, na mafaili yamefunguliwa na kukaguliwa.

Zoezi: Jedwali la baiti 64 lina nafasi 4 zilizo sawa. Kila nafasi ina baiti ngapi?