Kumtembelea mwanafunzi ng'ambo: faili huanzia Gashonga

Wazazi wa Gashonga wanaijua vizuri siku ya kutembelea. Mtoto akiwa shule ya bweni, shule hutangaza tarehe, na asubuhi hiyo akina mama hushuka vilimani na vikapu: chapati zilizofungwa kwa kitambaa, sabuni, madaftari mawili matatu. Langoni haulizwi mtu ana kiasi gani benki. Unataja jina la mtoto, lango linafunguliwa. Ndiyo maana mtoto huyo huyo akipata nafasi ya kusoma mbali, mzazi hudhani kumtembelea ni suala la nauli tu. Kazi yangu ni kuwasaidia watu wa wilaya yetu ya Rusizi, Rwanda, kuandaa hati za safari, na kila mwaka naona nauli ikipatikana na safari ikikosekana.

Mama mmoja wa Gashonga alinijia mjini Kamembe na barua ya kunyimwa viza, ameikunja mara nne ndani ya Biblia. Mwanawe alikuwa mwaka wa pili wa chuo kikuu, Ulaya. Kijana alikuwa ameandika barua nzuri ya mwaliko: atampokea mama yake, atamlaza chumbani kwake, atamlisha, atalipa kila kitu mpaka tiketi. Mama akaambatanisha barua hiyo, pasipoti na karatasi moja ya benki, akapeleka. Fomu aliyorudishiwa ina visanduku, na alama ilikuwa imetiwa kwenye kile kinachosema kwamba nia yake ya kuondoka kabla viza haijaisha haikuthibitika.

"Mwanangu," akaniuliza, "wanasema nataka kutoroka? Nitoroke, migomba yangu nimwachie nani?"

Niliomba nione nakala ya faili aliyopeleka. Migomba haikuwemo. Wala kahawa, wala wajukuu wawili anaowalea, wala kiti chake cha mhazini katika kikundi cha kuweka akiba. Karatasi zote zilieleza habari za huko anakokwenda. Hakuna hata moja iliyoeleza anakotoka. Afisa wa viza hakuwa na namna ya kujua kwamba mama huyu ana nyumbani. Hilo ndilo kosa ninalolikuta mara nyingi kuliko yote: familia humtegemea mtoto aliye ng'ambo alete hati, wakati hati zenye uzito ziko hapa kijijini.

Tuanze na shamba. Rwanda iliandikisha ardhi yake nchi nzima kati ya 2009 na 2013, na kila kipande kina namba yake, ile inayoitwa UPI. Mkulima wa Gashonga ambaye hajawahi kuajiriwa ana hati ya ardhi yenye jina lake, na kwa mwanamke aliyeolewa kisheria, jina lake limo pamoja na la mumewe. Hati hiyo ina nguvu kuliko barua tano za mwaliko. Iweke juu ya faili.

Ya pili ni SACCO. Imirenge (kata) yote 416 ya nchi ina SACCO zake, vyama vya akiba na mikopo, na mkulima huweka humo fedha za mavuno. Hapa pana jambo la kitaalamu ambalo watu hulipuuza. Akaunti ya mkulima haifanani na ya mwalimu. Ya mwalimu hupanda kila mwisho wa mwezi. Ya mkulima wa kahawa hukaa kimya tangu mwaka unapoanza, hupanda ghafla kati ya Machi na Julai wakati wa kuvuna, kisha hushuka polepole. Afisa asiyeijua kahawa akiona fedha zimeruka ghafla, atashuku ni za kuazima. Na ana sababu ya kushuku, maana wapo wanaoazima kwa ndugu, wakaweka fedha wiki moja kabla ya kuomba viza na kuzitoa wiki inayofuata. Basi mkulima azieleze fedha zake. Risiti za kituo cha kuoshea kahawa, vile vikaratasi vidogo vyenye tarehe na kilo za kahawa mbivu, usivitupe. Vipange kwa tarehe, uvioanishe na tarehe za SACCO. Yule mama alikuwa navyo vyote, amevifunga kwa ugwe wa mgomba na kuvitundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Tulikaa alasiri nzima sakafuni kwake tukivipanga, na vilipokwisha kupangwa kila faranga katika kitabu chake cha akiba ilikuwa na asili yake. Hati za Kinyarwanda zipelekwe kwa mtafsiri aliyeapishwa. Gharama hiyo usiikwepe.

Ya tatu ni watu. Cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto waliobaki nyumbani, barua ya ofisi ya umurenge kuhusu wajukuu unaowalea, barua ya ushirika ikiwa una wadhifa. Usiandike kwamba unaipenda nchi yako. Onyesha nani atakaa na njaa usiporudi.

Sasa nije kwenye barua ya mwanafunzi, kwa sababu mapenzi ya kijana yanaweza kumponza mama yake. Mwanafunzi anapoahidi kulipa kila kitu, afisa hujiuliza: huyu aliyepewa kibali cha kusoma, fedha hizo anazitoa wapi? Ubelgiji sheria iko wazi zaidi. Anayetia saini hati rasmi ya dhamana lazima awe raia wa huko au mtu mwenye haki ya kukaa bila kikomo cha muda. Mwanafunzi mwenye kibali kinachohuishwa kila mwaka hafai kuwa mdhamini, hata awe na kazi ya jioni. Anaweza kukaribisha, hawezi kudhamini. Mdhamini atafutwe kwingine, mjomba au rafiki wa familia aliyekaa huko miaka mingi, au msafiri aonyeshe fedha zake mwenyewe. Kipimo cha Ubelgiji kwa anayefikia nyumbani kwa mtu ni euro 45 kwa siku, na 95 kwa anayelala hoteli. Ufaransa mwenyeji huenda ofisi ya meya kuchukua hati ya kumpokea mgeni, kwa ada ya euro 30, na meya ana haki ya kuangalia kama nyumba inatosha. Chumba kimoja cha bweni la chuo huenda kisitoshe, na mabweni mengi yana masharti ya wageni wa kulala. Kijana aulize mwenye nyumba kwanza, ndipo aandike barua.

Siku ngapi? Viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, huruhusu hadi siku 90 ndani ya kila siku 180, na familia nyingi huomba zote 90, kwa hoja kwamba nauli ni ileile. Mimi huwaambia waombe wiki mbili au tatu. Kwa euro 45, siku 20 ni euro 900. Siku 90 ni zaidi ya 4,000, na mkulima anayesema anaweza kuliacha shamba miezi mitatu amejibu mwenyewe swali la kama shamba linamhitaji.

Kuhusu majira, nimefikia maoni yangu baada ya kulinganisha kalenda mbili. Vyuo vya Ubelgiji hufanya mitihani mwezi Juni, aliyefeli somo hurudia kuanzia katikati ya Agosti, na mwaka mpya hufunguliwa Septemba. Kwetu, kahawa inaishia Juni au Julai, kiangazi kinashika, na Septemba watu wanarudi mashambani kwa msimu wa kwanza wa kupanda. Julai hadi mwanzo wa Agosti mwanafunzi yuko huru, mzazi yuko huru, na mzazi ana sababu ya kweli ya kurudi kabla ya Septemba. Katika ombi lake la pili yule mama aliandika hivyo hivyo kwa maneno yake: mbegu ya maharage imehifadhiwa, lazima niwepo wakati wa kupanda. Ombi la viza hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na si chini ya siku 15 kabla. Uamuzi kwa kawaida huchukua siku 15, lakini unaweza kuvutwa hadi 45. Kwa safari ya Julai, Aprili uwe tayari.

Ada ya viza ni euro 90 tangu Juni 2024. Awali ilikuwa 80. Mtoto wa miaka 6 hadi 11 hulipa 45, aliye chini ya hapo halipi. Ukinyimwa hairudi. Bima ya safari iwe ya matibabu ya angalau euro 30,000. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10, ibakie na uhai wa miezi mitatu baada ya siku ya kurudi, na kurasa mbili tupu.

Lakini siku hizi swali la kwanza ni jingine kabisa: faili inapokelewa wapi? Tarehe 17 Machi 2025 Rwanda ilivunja uhusiano wa kidiplomasia na Ubelgiji, na ubalozi wa Ubelgiji wa Kigali, ambako watu wetu walizoea kupeleka maombi yao, ukafunga shughuli. Kabla hujalipa senti kwa yeyote, tafuta maelekezo rasmi ya nchi anakosoma mtoto kuhusu mahali inapopokea maombi ya wakazi wa Rwanda. Naumia ninapoona familia imelipa dalali kwa miadi katika ofisi isiyopokea tena.

Jambo la vidole nalo linanigusa. Ombi la kwanza hutaka alama za vidole kumi, na vidole vya mtu aliyeshika jembe miaka arobaini vimelika. Mashine hukataa, mzee anaona haya kama aliyekosea. Hajakosea. Wiki mbili kabla ya miadi pumzika kazi ya jembe, paka mafuta mikononi kila usiku, asubuhi ya miadi nawa kwa maji ya uvuguvugu. Ikishindikana kabisa, kanuni za Schengen zinamsamehe mtu ambaye maumbile yake hayaruhusu alama kuchukuliwa. Liseme hilo kwa sauti palepale.

Haya yote ni ya Ulaya, na ng'ambo si Ulaya peke yake. Kwa mtu wa Gashonga ng'ambo ya asili kabisa ni ng'ambo ya mto Rusizi. Vijana wa upande huu wamesoma Bukavu, upande wa Kongo, vizazi na vizazi, kama vile wa Bukavu wanavyovuka kuja kusoma kwetu, na mzazi wa mpakani alizoea kuvuka kwa jeto, kile kikaratasi cha mpakani, au kwa hati ya CEPGL, jumuiya iliyoanzishwa 1976 na Rwanda, Burundi na Zaire ya wakati huo. Unavuka asubuhi na kikapu, jioni uko kwako. Tangu waasi wa M23 walipoingia Bukavu Februari 2025, siwezi tena kumwambia mzazi aende tu. Mtoto apige simu usiku wa kuamkia safari aseme hali ikoje, na mzazi aulize mpakani saa ya kufunga kabla hajavuka, si baada.

Anayesoma Kampala au Nairobi ana nafuu kubwa. Tangu Januari 2014 Mnyarwanda huingia Uganda na Kenya kwa kitambulisho cha taifa, bila viza wala ada. Hata nafuu hiyo ina siku zake: mpaka wa Gatuna ulifungwa Februari 2019 ukafunguliwa 31 Januari 2022, na wapo waliomaliza shahada nzima bila kumwona mama.

Faili ya pili ya yule mama ilikubaliwa, akapewa viza ya siku 18. Alipokuja na pasipoti aliuliza swali moja tu: abebe nini? Hakuna mama atakayekwenda mikono mitupu, na mimi simshauri aende hivyo. Nyama na maziwa, pamoja na samli na jibini, haviingii Umoja wa Ulaya katika mzigo wa abiria, hata kipande. Isombe (majani ya muhogo) mbichi na matunda mengi hutaka cheti cha afya ya mimea. Samaki waliokaushwa wanaruhusiwa hadi kilo 20. Na katika orodha fupi ya matunda yasiyotaka cheti, pamoja na nanasi, nazi, tende na duriani, imo ndizi. Alipolisikia hilo alicheka mpaka akashika meza. Akabeba ndizi za shamba lile lile lililokuwa juu ya faili yake, na kahawa ya kukaangwa.

Akifika Ubelgiji, mgeni asiyelala hoteli ana siku tatu za kazi za kwenda na mwenyeji wake ofisi ya manispaa kuandikisha kuwasili kwake. Wengi hawaambiwi. Na wakati wa kurudi, zamani mhuri wa kutoka ulibaki kwenye pasipoti. Tangu Oktoba 2025 nchi za Schengen zimeanza kuandikisha wageni kwa uso na vidole badala ya mhuri. Kwa hiyo kile kipande cha tiketi ya kupandia ndege ya kurudi, ushahidi wako kwamba ulirudi, usikiache kwenye mfuko wa kiti. Kije Gashonga, kifungwe pamoja na risiti za kahawa, kitundikwe kwenye msumari nyuma ya mlango.